Ugali na dagaa, wali na nyama, au vichwa vya kuku: sufuria ipi imfae mbwa wako?

Popi alivunjika mguu akiwa na miezi mitano. Hakugongwa na pikipiki wala hakupigwa na mtu. Aliruka ngazi mbili za kibarazani akimfukuza kuku, akatua vibaya, akalia. Kwa daktari wa mifugo nilioneshwa picha ya eksirei: mifupa ilikuwa hafifu kama kivuli, kuta zake nyembamba kama karatasi. Daktari akaniuliza mbwa anakula nini. Nikamjibu kwa fahari kwamba Popi hali makombo, kila siku namnunulia steki ya ng'ombe na kumpikia wali mweupe. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mama, nyama haina mfupa ndani yake. Tumbo umelishibisha, mifupa umeiacha na njaa."

Popi alipona, ingawa mguu wake wa nyuma wa kushoto umebaki na kipindo kidogo hadi leo. Tangu hapo, miaka saba sasa, nimewapikia mbwa wangu hapa nyumbani, nje kidogo ya Dar es Salaam, kwa sufuria za aina tatu: wali na nyama, ugali na dagaa, na ile ya vichwa, miguu na utumbo ambayo majirani wengi wenye mbwa wa ulinzi huitegemea. Watu huniuliza ipi bora. Jibu ninalo na nitalisema waziwazi, lakini kila sufuria ina mahali inapofaa na mahali inapoumiza, na tofauti yenyewe haiko pale tunapozoea kuitafuta. Tumezoea kutazama wingi wa nyama. Mimi siku hizi natazama kwanza kalsiamu ya mifupa inatoka wapi.

Ili nilinganishe kwa haki, nitamchukua mbwa mmoja tu: wa kienyeji, aliyekomaa, kilo 15, analinda usiku na kulala mchana chini ya mwembe. Huyo anahitaji takriban kilokalori 850 hadi 950 kwa siku. Viwango vya AAFCO, ambavyo watengenezaji wa chakula cha mbwa Marekani huvifuata, vinataka mbwa aliyekomaa apate walau gramu 45 za protini na gramu 1.25 za kalsiamu katika kila kilokalori 1,000. Vilevile kalsiamu isizidiwe na fosforasi: ziwe sawa, au kalsiamu iongoze hadi mara mbili. Hilo la mwisho ndilo lililomvunja mguu Popi.

Wali na nyama

Tuanze na sufuria inayopendwa na kila mwenye huruma. Robo tatu ya kikombe hivi cha mchele mkavu na gramu 300 za nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi, vikichemshwa pamoja, vinatosha siku moja kwa mbwa wetu wa kilo 15. Protini imo, tena ya kutosha na ziada. Harufu inavutia, mbwa anamaliza na kulamba bakuli mpaka linahama upande wa pili wa uwanja.

Kalsiamu sasa. Nyama ya ng'ombe ina kalsiamu ndogo mno, na fosforasi iliyomo inaizidi mara kumi na zaidi. Wali hauongezi kitu cha maana. Jumla ya siku nzima haifiki hata sehemu ya kumi ya mahitaji. Mwili wa mbwa haukubali damu ikose kalsiamu, maana bila hiyo misuli na moyo havifanyi kazi, kwa hiyo vitezi vidogo vilivyo shingoni hutoa amri ya kuichota kwenye mifupa. Mbwa mzima anaweza kuchotwa hivyo kwa miezi mingi bila wewe kuona kitu. Anayekua hana akiba hiyo, na ndiyo maana Popi alivunjika kwa kuruka ngazi mbili.

Dawa yake iko jikoni: ganda la yai. Lioshe, lianike likauke kabisa, likaushe kwenye kikaango bila mafuta kama dakika kumi, kisha ulisage mpaka liwe unga laini usiokwaruza kati ya vidole. Ganda moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu. Kwa sufuria hii, mbwa wa kilo 15 anahitaji kama nusu kijiko cha chai kilichojaa kwa siku. Mimi nakusanya maganda ya wiki nzima kwenye kopo la siagi, nasaga Jumamosi.

Hata ukiweka ganda la yai, bado sufuria hii ina mapengo: vitamini D na E, madini joto, shaba, na zinki kwa baadhi ya nyama. Mbwa hatengenezi vitamini D ya kutosha kwa kuota jua kama sisi, lazima aile. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima mapishi 200 ya chakula cha mbwa yaliyokusanywa vitabuni na mtandaoni, wakakuta asilimia 95 yanapungukiwa angalau kirutubisho kimoja muhimu. Mengi yao ni ndugu wa sufuria hii hii: nyama, wanga mweupe, karoti mbili za rangi.

Mahali inapofaa ni kwa mgonjwa. Mbwa aliyeharisha akila wali laini na kidari cha kuku kilichochemshwa bila ngozi, chumvi wala kiungo, kwa siku mbili tatu, tumbo hutulia. Kwa siku hizo chache upungufu wa kalsiamu haumdhuru mbwa aliyekomaa. Nayo ni sufuria nzuri kwa mzee aliyeng'oka meno, mradi unga wa ganda usisahaulike.

Ugali na dagaa

Hii ndiyo ninayoichagua kwa mbwa aliyekomaa mwenye afya, na najua kuna watakaoshangaa. Mtu akisikia mbwa anakula ugali anaona mbwa wa mnyonge. Wengine huniambia, "Dada, mbwa ni jamii ya mbwa mwitu, mpe nyama." Lakini mbwa ameishi na mkulima kwa maelfu ya miaka, na mwili wake umebadilika pamoja na jungu la mkulima. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden waliolinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu walikuta mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga. Ugali ulioiva sawasawa, mbwa anausaga vizuri tu.

Ulioiva, nasisitiza. Uji wa haraka wenye madonge mabichi katikati huchachia tumboni na kuleta gesi na kinyesi cha majimaji. Upike kama wa kwako, ila uwe laini zaidi.

Kipimo changu cha siku kwa kilo 15: gramu 150 za unga, gramu 70 za dagaa wakavu, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti, na konzi moja ya mboga iliyochemshwa. Hesabu inakuja kwenye kilokalori 900 hivi. Protini inavuka gramu 50. Na kalsiamu, kwa sababu dagaa analiwa mzima na mifupa yake na kichwa chake, inatimia bila ganda la yai, bila dawa ya dukani, bila kitu. Hapo ndipo sufuria hii inapoipita ile ya steki. Samaki amekuja na mifupa yake mwenyewe, kwa uwiano uliokwisha kupimwa na maumbile.

Kwa bei pia haina mpinzani. Dagaa wakavu wamepoteza maji, kwa hiyo kilo moja inabeba protini ya karibu kilo mbili na nusu za nyama ya ng'ombe. Linganisha bei kwa namna hiyo unapokuwa sokoni, usilinganishe kilo kwa kilo.

Sasa kazi yenyewe, maana dagaa wakiandaliwa vibaya wanaharibu kila kitu. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, mara nyingi huanikwa juu ya mchanga ufukweni. Waloweke kwenye maji ya uvuguvugu, wakoroge kwa mkono, kisha watoe kwa juu, usimwage beseni pamoja nao. Tazama chini ya beseni: utaona tandiko la mchanga mweusi kama majani ya chai. Rudia mara tatu mpaka vidole visiguse chembe. Mchanga huo ukiupika unamla mbwa meno taratibu na kujikusanya utumboni. Dagaa wa Kigoma siku hizi wengi huanikwa kwenye vichanja na huja safi zaidi, ila bei yao iko juu. Waliotiwa chumvi waepuke, au waloweke usiku kucha na kubadilisha maji.

Sokoni kuna pia dagaa wanaouzwa kwa ajili ya chakula cha kuku. Ni rahisi, nami niliwahi kushawishika. Wamekatika, wana mchanga mwingi, na wengine mafuta yao yameshavunda. Harufu yake inakwaruza koo. Samaki aliyevunda hivyo humaliza vitamini E ya mbwa. Nunua wale ambao wewe mwenyewe ungewala.

Baada ya kuwaosha nawakausha kidogo kwenye kikaango, nawatwanga kwenye kinu, halafu unga wao nausonga ndani ya ugali. Zamani nilikuwa namwagia dagaa juu, na Popi alikuwa anawachomoa mmoja mmoja kwa ncha ya meno ya mbele, anaacha ugali safi kama haujaguswa. Wakitwangwa hana njia.

Hatari kubwa ya sufuria hii haiko kwa dagaa, iko kwenye unga. Mahindi yaliyovunwa yakiwa na unyevu au kuhifadhiwa vibaya huota ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwemo, sumukuvu iliua watu 125. Mwaka 2016 ikaua watu 20 Dodoma na Manyara. Mbwa ni dhaifu mbele ya sumu hii, na ini ndilo linaloharibika: anakataa chakula, anatapika, ufizi na weupe wa macho vinageuka manjano. Moto wa jikoni hauiondoi sumukuvu, ikiingia kwenye unga imeingia.

Kwa hiyo hapa lazima uamue kati ya dona na sembe. Dona lina virutubisho zaidi kwa sababu linasagwa na ganda na kiini. Lakini sumukuvu nayo hukaa zaidi huko huko kwenye pumba na kiini. Mimi nasaga dona pale ninapoyajua mahindi: nimeyachambua kwa mkono, nimetoa yaliyooza, yaliyotobolewa na yenye rangi ya kijivu. Nisipoyajua, nanunua sembe. Na pumba ya mashineni, ambayo watu wengi huichukua kwa ajili ya mbwa kwa sababu ni ya bei ya chini, simpi mbwa kabisa. Ni mahali ambapo uchafu wote wa gunia umekusanyika. Nakuomba nawe uiache, hata kama jirani yako ameitumia miaka kumi.

Mboga: mchicha uuchemshe na maji yake uyamwage, au boga, karoti, matembele, sukuma wiki. Mara moja kwa wiki naweka kipande cha ini la ng'ombe, gramu 50 au 60, kwa ajili ya vitamini A na shaba. Zaidi ya hapo siweki, maana vitamini A ikizidi kwa muda mrefu hudhuru mifupa na viungo. Na chumvi yenye madini joto, unayoweza kuishika kwa ncha za vidole viwili tu, kwa sababu samaki wa maji baridi hawana madini hayo mengi kama wa baharini.

Vichwa, miguu na utumbo

Ukienda soko lolote la kuku jijini asubuhi utawaona wenye mbwa wakisubiri ndoo. Vichwa na miguu ya kuku, utumbo wa ng'ombe, mapafu, bandama. Pamoja na chenga za mchele, hiki ndicho chakula cha mbwa wengi wa ulinzi Dar es Salaam, na siwezi kukidharau. Kimewalea mbwa wengi wenye nguvu.

Lakini vipande hivyo vinatofautiana sana, na kuvitia kwenye kapu moja ni kosa. Bandama, firigisi na moyo ni chakula cha kweli, vina protini na madini ya chuma. Utumbo wa ng'ombe ukisafishwa vizuri ni mzuri pia. Mapafu ni mepesi, hayana mafuta, yanajaza. Miguu ya kuku, kinyume na inavyoonekana, ni maskini: ngozi, kano na mfupa. Ile supu yake inayoganda kama jeli inakupa matumaini, ila protini ya jeli hiyo haina kabisa triptofani, mojawapo ya asidi amino ambazo mbwa hawezi kuishi bila kuzila. Miguu iwe nyongeza, isiwe nyama yenyewe.

Mifupa ndiyo inayonitia hofu. Mfupa wa kuku uliochemshwa kawaida unakauka na kupasuka vipande vyenye ncha, na ncha hizo hutoboa koo na utumbo. Ukiwa na sufuria ya presha unaweza kuvipika vichwa na miguu mpaka kila mfupa ubonyee kati ya kidole gumba na cha shahada kama maharage yaliyoiva. Hapo vinasagika na kuwa kalsiamu. Kwa mkaa au gesi ya kawaida kiwango hicho ni vigumu kukifikia, na mfupa usiobonyea usimpe. Ukichambua nyama na kutupa mifupa, basi umerudi kwenye sufuria ya kwanza, na ganda la yai ni la lazima.

Jambo la pili ni minyoo. Niliwahi kusimama kwenye machinjio madogo nikaona pafu la ng'ombe lenye lengelenge la maji kubwa kama yai la kuku. Mchinjaji alikuwa tayari kulirusha kwa mbwa waliokuwa wakizunguka. Lengelenge lile ni nyumba ya viluwiluwi vya tegu mdogo sana. Mbwa akilila bichi, tegu hukua tumboni mwake kwa maelfu na mayai yake hutoka na kinyesi. Mtoto anayecheza na mbwa huyo akipata mayai mdomoni, malengelenge yale yale huota kwenye ini au mapafu ya mtoto. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu umewapeleka watu wengi kwenye upasuaji. Kwa hiyo nyama za ndani zichemshwe mpaka ziive kabisa hadi katikati, zenye malengelenge zifukiwe shimoni, na mbwa apewe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli kwa ratiba ya daktari. Nunua kwa muuzaji ambaye nyama yake ina muhuri wa mkaguzi.

Kwa anayelea mbwa watatu wanne wa ulinzi na ana sufuria ya presha, hii inaweza kuwa sufuria yake ya kila siku. Kwa anayelea mmoja, usumbufu wake ni mkubwa kuliko faida.

Nyama mbichi

Kuna wanaonihimiza nimpe Popi mbichi, nyama na mfupa wake, kama simba. Kwa hali ya hewa yetu na mabucha yetu siwezi kukushauri. Nyama inayoning'inia tangu alfajiri hubeba bakteria kama salmonela. Mbwa huenda asiugue, lakini atawaeneza kwa mate, kwa bakuli na kwa sakafu ambayo mtoto anatambaa. Friza haiwaui, inawalaza tu. Ukijumlisha habari ya tegu hapo juu, sioni sababu.

Makombo ya mezani

Wengi wetu hatumpikii mbwa, tunampa tulichobakiza. Ukoko wa ugali au wa wali mtupu hauna neno. Tatizo ni mchuzi na pilau.

Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kukipika hakupunguzi sumu yake. Kwa mbwa wa kilo 15, gramu 75 kwa mkupuo mmoja, yaani kitunguu kimoja kisicho kikubwa, zinatosha kumtia hatarini. Dalili huchelewa siku kadhaa: ufizi unakuwa mweupe, mkojo unageuka kahawia, mbwa anahema bila kukimbia. Siku hiyo hakuna anayekumbuka pilau la Idi.

Zabibu, mbichi za Dodoma au kavu za kwenye biriani, zinaweza kuua figo za mbwa ndani ya siku chache. Miaka ya karibuni madaktari wa wanyama wameielekezea kidole asidi ya tartariki iliyomo ndani yake, na asidi hiyo hiyo imejaa kwenye ukwaju. Sisi watu wa pwani tunautia ukwaju kwenye mchuzi wa samaki, kwenye mishikaki, kwenye urojo. Mbwa asionjeshwe. Ongeza hapo chokoleti, pombe, makadamia, na jojo zisizo na sukari zenye zailitoli. Kwa tui la nazi, kijiko hakimuui, lakini mafuta mengi kwa mara moja huweza kuvimbisha kongosho lake.

Kwa hiyo kama unategemea makombo, tenga chakula cha mbwa kabla hujakaanga kitunguu. Chota ugali, chota samaki au nyama iliyochemshwa tu, weka pembeni, ndipo uendelee na mchuzi wa watu.

Mbwa ambao sufuria haiwatoshi

Hapa nabadilisha msimamo bila kusita. Mtoto wa mbwa, tangu aachishwe ziwa mpaka afikishe mwaka, na kwa mbwa wa mwili mkubwa kama German Shepherd au Boerboel hata mwaka na nusu, asitegemee sufuria yangu wala yako. Anahitaji kalsiamu zaidi ya mara mbili ya mbwa aliyekomaa kwa kila kilokalori, na wa mwili mkubwa akizidishiwa kalsiamu nayo humpinda mifupa. Njia ni nyembamba pande zote, na kijiko cha unga wa ganda la yai cha kukisia si kipimo. Mnunulie chakula kikavu cha watoto wa mbwa, mfuko ulioandikwa kuwa ni chakula kamili cha wanaokua, na kwa wa mwili mkubwa utafute ulioandikwa hivyo. Ni ghali, najua. Lakini ni mwaka mmoja, na mbwa huishi miaka kumi na zaidi juu ya mifupa aliyoijenga mwaka huo. Kama fedha haitoshi kumlisha hicho tu, nusu ya bakuli iwe ya dukani na nusu ugali wa dagaa. Kati ya sufuria za nyumbani hiyo ndiyo yenye madhara madogo.

Angalia pia namna kinavyouzwa. Kikifunguliwa na kupimwa kwa kilo kutoka kwenye gunia lililo wazi, huoni tarehe wala maandishi, na mafuta yake huvunda kwa joto. Nunua mfuko mdogo uliofungwa.

Jike anayenyonyesha naye ni wa kundi hili. Mahitaji yake ya nishati huweza kufika mara mbili hadi nne ya kawaida kulingana na idadi ya watoto, na ugali unamjaza tumbo kabla haujamtosha. Mwongezee mayai ya kuchemsha, dagaa na chakula cha watoto wa mbwa. Mwenye ugonjwa wa figo, ini au kisukari apangiwe na daktari. Kwa walio karibu na Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kina hospitali ya wanyama. Nairobi kuna kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoko Kabete.

Kama bado unasita

Una mbwa mmoja aliyekomaa, una kikaango na kinu: ugali na dagaa. Una mbwa wengi, sufuria ya presha na mtu wa kuaminika machinjioni: nyama za ndani na chenga, dagaa mara mbili tatu kwa wiki. Mbwa wako ni mzee au ametoka kuugua: wali na nyama, pamoja na ganda la yai. Hupati muda wa kupika kila siku na huna friji: nunua kikavu, maana chakula kilicholala kwenye joto la Dar es Salaam asubuhi kimeshachacha. Mwenye friji anaweza kupika cha siku tatu.

Ukibadilisha sufuria, usibadilishe kwa siku moja. Siku mbili za kwanza robo ya bakuli iwe ya chakula kipya, siku mbili zinazofuata nusu, kisha robo tatu, na siku ya saba bakuli zima. Kinyesi kikiwa laini rudi hatua moja nyuma, ukae siku mbili. Baada ya hapo usiamini macho yake, kwa sababu kila mbwa ana macho ya njaa. Pitisha viganja mbavuni. Zikisikika kwa kugusa kidogo bila kuonekana kwa mbali, kipimo ni sawa. Kila wiki mbili mimi hupanda mizani nimembeba Popi, kisha napanda peke yangu na kutoa tofauti. Leo asubuhi ilikuwa kilo 15 na nusu, zile zile za mwezi uliopita, kwa hiyo jioni hii unga utabaki gramu 150.